Wastani Hautoshi, Wafundisheni Kuusoma Mchoro

Kila mwaka nikifika mada ya takwimu katika Kidato cha Nne, huandika ubaoni mfano uleule. Wafugaji 40 wamepeleka maziwa kituoni asubuhi. Kumi na sita wana lita 1 hadi 5. Wanane wana lita 6 hadi 10, sita wana 11 hadi 15, wanne wana 16 hadi 20, watatu wana 21 hadi 25, na watatu wa mwisho wana 26 hadi 30. Namba hizi nimezitunga mwenyewe, lakini mtoto yeyote aliyewahi kubeba mtungi wa maziwa kabla ya kwenda shule anawajua watu hao.

Wanafunzi hutafuta wastani kwanza na kupata lita 10.4. Nikiwauliza iwapo wafugaji wengi hapo wanafikisha lita kumi, darasa zima hujibu ndiyo. Ndipo nawaambia watoe karatasi za grafu.

Tunajumlisha tukishuka: 16, 24, 30, 34, 37, 40. Hayo ndiyo marudio limbikizi. Kila jumla tunaiweka juu ya mpaka wa mwisho wa kundi lake, yaani 5.5, 10.5, 15.5 na kuendelea, kwa kuwa ni pale tu ndipo tunapojua kwamba wote wa kundi hilo wamekwisha kuhesabiwa. Hapa ndipo penseli nyingi hupotea. Wiki iliyotangulia tulichora poligoni ya marudio, ambayo nukta zake hukaa katikati ya kundi, na mkono umeshazoea. Mwanafunzi akirudia mazoea hayo, mchoro wote unasogea kushoto lita mbili na nusu, na jibu lake la kati, yaani lita ambazo nusu ya wafugaji hawazidi, linakuwa 5.5 badala ya 8. Mstari wake unapendeza machoni, ila kila kitu atakachokisoma humo kitakuwa na kosa. Simlaumu. Namlaumu mwalimu aliyemwambia aweke nukta mpakani bila kumwambia sababu, na mimi nilikuwa mwalimu huyo kwa miaka mingi.

Mstari ukishapinda kwa mkono kupitia nukta zote, kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Weka rula kwenye 20 katika mhimili wa wima, vuka hadi uguse mstari, kisha shuka: lita 8. Nusu ya wafugaji hawazidi hapo. Sasa geuza njia. Panda kutoka 10.4, ule wastani tulioushangilia, ukavuke kushoto: karibu 24. Watu 24 kati ya 40 hawaufikii. Mfugaji wa kumi kutoka chini ana kama lita 3.6, wa thelathini ana 15.5. Pale mstari unapopanda kama kilima, watu wamebanana. Unapolala, wamebaki wachache wenye ng'ombe wengi, na ndio walioubeba wastani.

Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele aliweka kidole kwenye ile sehemu ya mwinuko akasema, "Mwalimu, mama yuko hapa." Kisha akauliza: kituo kikisema kitabeba bure mitungi ya kuanzia lita kumi tu, kwa sababu huo ndio wastani, ni wangapi watakaolipa nauli? Alikuwa ameshaona jibu kwenye karatasi yake.

Joseph Fourier alipochora mstari wa aina hii mwaka 1821, alikuwa akionyesha umri wa wakazi wa Paris. Jina la mstari huo, ambalo wanafunzi wangu hulitamka ojaivu, lilitoka baadaye kwa Francis Galton. Tangu mwanzo mchoro huu ulihusu watu, na kuuliza ni wangapi wako chini ya kiwango fulani na wangapi wako juu yake. Sisi tumeugeuza zoezi la kujaza jedwali, kuunganisha nukta na kukimbilia swali linalofuata.

Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 watafanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2027, na mtaala mpya tayari unachukua nafasi. Naomba tusiuhamishie ugonjwa huu. Mtoto asiyeendelea na hesabu baada ya shule atakutana na wastani maisha yake yote: wa mapato, wa mavuno, wa alama za shule ya mwanawe. Anahitaji kujua kuuliza nusu ya watu wako wapi.

Katika mitihani ya ndani ninayotunga sasa, mchoro una alama zake kama zamani, lakini nimeongeza alama mbili za sentensi moja: andika kwa maneno yako mstari huu unasema nini kuhusu wafugaji hawa. Muhula wa kwanza wengi waliacha nafasi ile tupu. Muhula uliopita waliandika, na kuna aliyejaza hadi pembezoni mwa karatasi.