Bibi Huyo Hakuleta Upepo

Upepo mkali ukishang'oa mabati Mangobo au Lubunga, hapa Kisangani, hakuna anayeuliza misumari ilipigwaje. Wanauliza nani ameutuma. Nyumba hii imeachwa wazi, ya jirani haikuguswa, basi lazima pana mkono wa mchawi. Na kabla giza halijaingia, mjane fulani au mtoto wa kambo ameshatajwa. Imani hii ni uongo, na inaumiza wasio na hatia.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, imezungukwa na msitu na mito ya Kongo, Tshopo na Lindi. Jua likipasha unyevu huo wote, hewa hupanda, na alasiri wingu limeshapita kilomita 12 kwenda juu. Mvua inaposhuka huipoza hewa iliyo ndani yake. Hewa baridi ni nzito: huporomoka hadi chini, ikasambaa kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ndio upepo tunaousikia kabla ya matone ya kwanza.

Chamchela ni kitu kingine. Pepo za juu na za chini zikitofautiana sana kwa kasi na mwelekeo, hewa huviringika ikiwa imelala, kisha mkondo unaopanda huisimamisha wima. Huku ikweta tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo, kwa hiyo chamchela ni nadra.

Anayebisha aende akatazame miti. Mwaka 1974 Tetsuya Fujita, aliyetunga kipimo cha nguvu za chamchela, alipita kwa ndege juu ya misitu ya Marekani iliyoangushwa na dhoruba. Kuna mahali aliona miti imetawanyika kutoka kitovu kimoja, bila dalili ya kuzungushwa. Baadaye akatambua kuwa ule ulikuwa upepo unaoporomoka. Migomba yetu ikilala yote upande mmoja, bila kuzungushwa, inasema jambo hilohilo.

Na kwa nini nyumba moja tu? Upepo ukipita juu ya paa hulivuta. Ukiingia dirishani hulisukuma kutoka ndani. Paa lenye misumari michache, lisilofungwa ukutani, ndilo linalotangulia kuondoka.

Sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, ibara ya 160, inamwadhibu kwa kifungo anayemsingizia mtoto uchawi. Wachungaji na mashefu wa kartie wanapaswa kuijua. Basi wanapofika penye paa lililong'oka, wamzuie anayetaka kutaja jina, kisha wachange misumari na mbao.