Mtoto mwenye otizimu: kabla ya kulipa, uliza mtunzaji alijifunza wapi

Mtoto amefikisha miaka mitatu na hajasema neno hata moja. Ukimwita haangalii. Anazungusha kifuniko cha chupa saa nzima, na pikipiki ikipita anaziba masikio na kulia. Hapa Kisangani, kuanzia Mangobo hadi Lubunga, wazazi wake watapewa mashauri ya kila namna: mpeleke kwenye chumba cha maombi, mtafutie dawa ya miti, mwache tu atakua. Wengine wataambiwa kuna mtu anayetunza watoto wa namna hiyo kwa malipo.

Shauri hilo la mwisho linaweza kuwa zuri. Linaweza pia kumaliza pesa ya familia na kumuumiza mtoto.

Otizimu, ambayo majirani zetu wa Tanzania wanaita usonji, ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 127 anayo. Si laana, si kosa la mama, na hakuna dawa inayoiondoa. Lakini mtoto anaweza kujifunza. Tiba ya tabia inagawanya kazi kubwa, kama kuomba maji au kuvaa shati, katika hatua ndogo ndogo. Mtoto anasaidiwa kila hatua na kupongezwa akifaulu, na mtunzaji anaandika maendeleo yake siku kwa siku.

Kazi hiyo ina masomo yake. Diploma ya saikolojia ni mwanzo mzuri, lakini peke yake haionyeshi kwamba mtu amejifunza tiba hiyo. Na akikuonyesha cheti cha bodi ya Marekani inayojulikana kwa kazi hii, BACB, ujue kwamba majina ya wenye cheti chake yako kwenye intaneti, na tangu 2023 bodi hiyo haipokei tena maombi mapya kutoka nchi nyingi, Kongo ikiwa ndani. Kuangalia jina ni kazi ya dakika chache.

Basi mzazi aulize bila haya. Ulijifunza wapi tiba hii, na nani alikusimamia ulipoanza? Umetunza watoto wangapi wenye otizimu, na naweza kuongea na mzazi mmoja? Utamfundisha mwanangu nini katika miezi mitatu ya kwanza, na tutajuaje kwamba ameendelea? Naweza kukaa ndani nikiangalia? Mimi mwenyewe utanifundisha nini cha kufanya nyumbani? Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali haya.

Kuna majibu ambayo yakitoka, mzazi achukue mtoto wake na kwenda. Anayeahidi kuponya otizimu anadanganya. Anayekataza mzazi kuona anachofanya ana kitu cha kuficha. Anayepiga, anayefunga kamba, anayenyima chakula au kunywesha mtoto klorini si mtunzaji. Ni kweli kwamba zamani, hata Marekani, walioanzisha tiba hii walitumia pia adhabu. Leo mtaalamu anayeheshimu kazi yake hapigi mtoto. Na anayesema mtoto ni ndoki anavunja sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, ambayo inaadhibu kwa kifungo kumsingizia mtoto uchawi.

Tunasikia tayari jibu la wazazi wengi: sisi tutachagua nini, na wataalamu ni wachache? Kinshasa kuna kituo cha CNPP cha chuo kikuu, lakini kwa mto ni safari ya zaidi ya kilomita 1,700. Ni kweli. Lakini uchache hauondoi haja ya kuuliza. Familia yenye pesa ikikosea mara moja itajaribu tena. Familia iliyouza kinga ya toleka ili kulipa haina mara ya pili, na miaka ya utoto hairudi.

Ndiyo maana swali la mwisho ndilo kubwa. Utafiti maarufu wa 1987 wa Ivar Lovaas, huko Marekani, ulitumia karibu saa 40 kwa juma kwa kila mtoto. Nani atalipa hizo katika Kabondo? Lakini Shirika la Afya Duniani lina programu ya kufundisha wazazi wenyewe namna ya kucheza, kuongea na kutuliza mtoto. Mtunzaji anayemwachia mama ujuzi anafaa kuliko anayemwachia bili kila mwezi.

Mzigo huu hata hivyo usibebwe na wazazi peke yao. Sheria ya 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu iko. Divisheni ya afya ya Tshopo itoe orodha ya wazi ya watu na vituo vyenye masomo ya kutunza watoto hawa, na iende kuangalia vile vinavyolipisha. Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho saikolojia na udaktari ni kazi yake tangu zamani, kifungue mafunzo mafupi kwa wauguzi, walimu na wazazi. Hadi siku hiyo, mzazi, maswali yako ndiyo ulinzi wa mtoto wako. Uliza kwanza, lipa baadaye.