Uzio wa madrasa na wakazi wake

Mwaka jana kamati yetu ya msikiti ilipitisha kwa kauli moja kwamba uzio wa lantana unaozunguka madrasa upulizwe dawa. Wazazi walikuwa wamelalamika kuwa buibui ni wengi na watoto wanaogopa. Muhtasari tuliuandika sisi, na bomba tulilikodi sisi. Mwaka huu masika yamepita, uzio umechanua tena, na ombi lilelile limerudi mezani. Safari hii tuliona vyema tuutazame uzio wenyewe kabla ya kushika kalamu.

Tulikwenda asubuhi, umande ulipokwisha kukauka na Meru haijafunikwa bado na mawingu. Asiye na subira haoni kitu, maana buibui huyu hafumi utando wa kunasia. Yule aliyepigiwa mfano katika Suratul Ankabut kwa udhaifu wa nyumba yake walau ni mjenzi. Wa kwetu hana hata hiyo nyumba dhaifu. Hukaa juu ya kichala cha maua, miguu ya mbele ameitandaza kama kaa, mwili mweupe au wa manjano, hata ukamdhani petali. Nyuki anapotua kutafuta mbochi, humdaka na kumng'ata shingoni. Tulimwona mmoja ameshika nzi aliyemzidi kimo, wala hakutetereka. Huko Australia watafiti walionyesha mwaka 2003 kuwa buibui wa ukoo huu huakisi mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho yetu, na nyuki wa asali wakavutwa zaidi na ua lenye buibui kuliko lisilo naye.

Basi mtu atasema, huyu ni adui wa nyuki, na auawe. Nasi tulidhani hivyo. Lakini wageni wa ua si wema wote. Wapo viwavi na mende wadogo waitafunao petali pasipo kubeba chavua yenye faida. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, waliandika juu ya mmea wa milimani ambao ukitafunwa huzidisha harufu inayowaita buibui hao. Nao wakija huwala watafunaji, mmea ukanufaika. Jirani zaidi, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, yupo buibui mrukaji aitwaye kitaalamu Evarcha culicivora, apendaye kumla mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Huyo huvutwa na harufu ya lantana na ya mbarika, na mbochi hunywa. Wa kwetu si yeye, tusije tukawaahidi wazazi kwamba uzio unakinga malaria! Ila si tishio kwa afya ya mtoto.

Lantana yenyewe hatuitetei. Ni mgeni kutoka Amerika, huvamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe.

Lililotunyima usingizi ni jingine. Ng'ambo ya uzio anaishi mama mmoja mtu mzima, mwenye migomba, kahawa kidogo na mizinga miwili ya nyuki. Tulipochungulia upande wake tuliona mzinga mmoja tu. Tukampa shikamoo, tukamwuliza.

"Ule mwingine ulikufa mwaka jana, mwanangu. Siku ya pili baada ya nyinyi kupuliza, nilikuta nyuki wamejaa chini."

Tukamwuliza mbona hakuja kutueleza.

"Nyinyi ni watu wa msikiti. Ningekuja kulalamika kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulipuliza saa nne asubuhi, maua yamefunguka na nyuki wako kazini, na dawa haiulizi nani buibui na nani nyuki. Wala hatukubisha hodi kwa jirani, sisi tunaowasomesha watoto haki za jirani kila Jumamosi.

Kwenye kikao cha Jumatano tutapendekeza uzio upogolewe kwa panga upande wa njia wanayopita watoto, bila dawa. Fedha iliyotengwa kwa dawa ingali kwa mweka hazina. Tumeomba inunue mzinga. Mwalimu wa madrasa tayari amewapeleka wanafunzi wa darasa la chini kumtazama buibui mweupe. Wawili walilia, waliobaki waligombania kumwona.