Nguo za wakati wa vita

Wandugu wanafunzi, tunasikia habari ya matembezi na nguo za wakati wa vita ya 1940-1945: kofia za wazungu, kravati za babu, musiki ya gramafoni. Sisi hatukatai. Kucheka si zambi.

Lakini ile vita, kwetu hapa, ilikuwa nini? Ilikuwa kutoa shaba kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na Marekani, bei ya vitu inapanda, mushahara unabakia paka kidogo. Njo maana wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 desemba 1941 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, na askari wa Force Publique wakawapiga masasi. Léonard Mpoyi, mumoja wa wasemaji wao, alikufa pale, na wengine wengi.

Sasa kila mumoja wetu anagombania kofia ya bwana mukubwa. Kaputula ya mufanyakazi hakuna mutu anaitaka!

Tunaomba walimu wetu: matembezi yaanzie pale. Tumwite muzee mumoja wa kambi atuelezee yale baba yake alimusimulia. Kofia zibakie kwanza ndani ya motokari.