Usomi Hauyeyushi Barafu



Kila Septemba chama chetu huwapokea wageni kwa pilau na hotuba. Tunawaambia wanunue koti zito, wafungue akaunti benki, wajiandikishe kwa daktari. Yote mazuri. Lakini kuna jambo hatulisemi kwa sababu tunaliona dogo: mlango wa gari unaoganda.

Msicheke. Wengi wetu hapa Birmingham tuna vigari vikuukuu, na si anasa. Viza ya mwanafunzi inaturuhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na wengi tunazimalizia kwenye kuhudumia wazee majumbani. Zamu zenyewe ni za alfajiri. Bila gari hakuna zamu, bila zamu hakuna kodi ya nyumba.

Basi, Desemba 2022, siku zile za baridi kali, natoka kwangu Selly Oak saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mlango wa dereva ukafunguka vizuri. Kufunga ndiyo ukagoma. Naubamiza, unarudi. Naubamiza tena, unarudi. Nikaleta birika la maji yanayochemka, nikamwaga. Barafu ikayeyuka, mlango ukagoma vile vile, na baada ya dakika chache maji yenyewe yakaganda. Nikaufunga mlango kwa kamba ya begi, nikaondoka.

Kwenye kona moja ya kuelekea Northfield kamba ikakatika na mlango ukafunguka wazi. Mkanda ndio ulionishika. Mwendesha baiskeli alikuwa amenipita sekunde chache tu kabla. Nikapaki hapo hapo, nikaenda kwa miguu. Bibi niliyekuwa nikamhudumie hawezi kuinuka mwenyewe. Alinisubiri kitandani karibu saa nzima bila chai wala dawa. Hakunigombeza. Alisema tu alidhani nimemsahau.

Kinachoniuma si barafu. Loki ile ilianza kukwama mwezi mmoja kabla, nami nikampigia simu mjomba wangu wa Tanga, fundi wa miaka mingi. "Paka grisi, mjomba, usiionee huruma," akaniambia. Nikaishindilia. Mjomba hakukosea: kwa joto la Tanga oili nyepesi huchuruzika ikaisha, grisi ndiyo hudumu. Kumbe chini ya nyuzi sifuri grisi nzito inakuwa kama nta. Ndani ya loki kuna kucha ya chuma inayokamata kipingo cha kwenye fremu, na kijino chenye springi kinachoizuia isiachie. Grisi ikiwa ngumu, springi haina nguvu ya kukirudisha kijino. Mlango utaubamiza mpaka jioni.

Na mitaa miwili tu kutoka kwangu anaishi dada mmoja wa Kisumu, muuguzi, ambaye amekaa hapa baridi kumi na tano. Sikumuuliza. Eti mimi mwanafunzi wa uzamivu nikamuulize mtu habari za mlango! Jioni ile alikuja mwenyewe na bisibisi, akamaliza kwa dakika kumi.

Alichonionyesha ni hiki. Puliza dawa ya kuyeyusha barafu ndani ya loki, ngoja kidogo. Isukume kucha kwa bisibisi mpaka ikamate, kisha vuta mshikio iachie. Rudia mpaka icheze yenyewe. Hakikisha umeiachia kabla ya kufunga mlango, la sivyo utaivunja. Baadaye futa grisi yote ya zamani, puliza kilainishi chepesi kisichoganda. Mipira ya mlango ikaushe, uipake silikoni ili isigandane na bodi. Mlango ukikataa kufunguka, usiung'ang'anie mshikio, utabaki nao mkononi; usukume kwanza kwa bega ili barafu ipasuke, au jaribu mlango mwingine. Maji ya moto achana nayo kabisa, yanapasua kioo. Na usiache gari linaunguruma barabarani peke yake huku wewe uko ndani unakunywa chai: ni kosa kisheria, na wezi wanapenda sana asubuhi za namna hiyo.

Najua wako watakaosema, peleka gereji. Nyumbani fundi yuko kila kona, unamwita na soda mkononi. Hapa saa moja ya fundi inaweza kumeza zamu yako nzima, wakati kopo la kilainishi ni pauni chache. Wengine watasema chama cha wasomi si gereji. Haya. Lakini chama hicho hicho kinajua kuchanga mtu akipata msiba. Kwa nini tungoje msiba?

Pendekezo langu ni dogo. Mwaka huu, kabla ya pilau, tuwatoe wageni nje nusu saa, tufungue mlango wa gari moja, na huyo dada wa Kisumu ashike bisibisi huku wenye digrii tukishika tochi. Ya nyumbani tusiyatupe, ila tuwaulize waliotangulia yapi yanafaa kwenye baridi hii. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwacha bibi wa watu akidhani amesahauliwa, kwa sababu msomi aliona haya kubisha hodi kwa jirani.

Naomba kuwasilisha.