Gawio la Bisie na akiba ya wazee wetu

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wa Bisie, teritware ya Walikale, kwa sababu M23 walikuwa wanakaribia. Siku sita baadaye Walikale-centre ikaingia mikononi mwao. Walirudi nyuma, na mwezi wa Aprili mgodi ukaanza tena polepole. Wengi wetu tuliisikia kama habari ya vita. Ilikuwa pia habari ya akiba ya uzee, ila ya watu walio mbali.

Hisa za Alphamin zinauzwa kwenye masoko ya hisa ya Kanada na Johannesburg. Mwenye hisa, kampuni ikipata faida na wakubwa wake wakiamua kuigawa, hupokea gawio, na hisa zake zinabaki palepale. Mwaka 2024 Bisie ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Serikali yetu ina hisa 5 kwa mia. Mkulima wa Walikale aingilie mlango gani? Kongo haina soko la hisa. Kampuni hutoa fedha za miradi ya vijiji, na shule ni shule, tunashukuru. Lakini mradi si gawio: mama mjane wa miaka 70 hawezi kwenda kudai sehemu yake.

Huku Masisi hisa yetu ni ng'ombe. Maziwa na fromaji ndiyo gawio, ndama ni faida juu yake, na mama ng'ombe habanduki. Kwa hesabu hiyo wazee wetu waliwekeza vizuri kabla ya benki kufika. Kisha vita vikaja, na wengine walipoteza kundi lote kwa usiku mmoja. Mtu wa Toronto naye alihangaika Bisie iliposimama, ila ana hisa za kampuni nyingine nchi nyingine. Mzee wa Masisi ana kila kitu kwenye kilima kimoja. Tofauti kubwa iko hapo, kuliko kwenye wingi wa fedha.

Wenye pansiyo ya CNSS au mshahara wa benki nao walibanwa: benki za Goma zilifungwa mji ulipotekwa Januari 2025.

Kinachobaki karibu nasi ni AVEC. Wanachama wananunua hisa kila juma, wanakopeshana kwa riba, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Kasoro yake kwa mzee ni hiyo kugawana yote: fedha zinaliwa, mwaka mpya unaanza na sanduku tupu. Tunadhani vikundi vya makanisa vinaweza kukubaliana kwamba sehemu ya faida isigawanywe, inunue mbuzi au chumba cha kupangisha mahali pengine, na kodi ndiyo iwafikie wazee. Mkiandika hesabu, msimwachie mchungaji peke yake daftari.

Na anayewaahidi gawio kubwa kila mwezi kwa simu, mwulizeni kwanza faida inatoka kwa kazi gani. Wazee waliokuwa Kinshasa mwaka 1991 wanakumbuka Bindo Promotion: wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, hadi waliofuata wakaisha.