Mtaji wangu na Mark X

Wafanyabiashara wenzangu, mwezi uliopita nilibaki kidogo nizike mtaji wangu kwenye Mark X. Hela yenyewe ilikuwa ya kununulia mafuta ya alizeti ya msimu mzima! Nikajiuliza: oda zangu za kutoka Buigiri kwenda Dodoma mjini zinahitaji silinda 6 za nini?

Mark X ya cc 2499 inasukumwa na matairi ya nyuma, inachomoka, na mtaani unaonekana bosi. Premio ya cc 1496 ina silinda 4 na inavutwa na matairi ya mbele. Lakini madumu yangu sita ya lita 20 yanaingia kote kote. Tofauti utaiona sheli. Na ukiagiza nje, ikizidi cc 2000 ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 unaenda 10.

Njia yako ina matope? Ipo Premio ya cc 1800 inayovuta matairi yote manne. Mimi napita lami, siihitaji.

Mnaosema Premio ni gari la wazee, sawa. Mteja wangu hajawahi kuuliza injini. Anauliza, "Mzigo umefika?"

Kabla hujalipia, piga hesabu: safari moja inakula faida ya madumu mangapi?